Kamanda Aliyekataa Bunduki

Kaka yangu,

Nakusalimu kwanza, maana tulilelewa kusalimu hata tukiwa tumefura. Natumaini wewe na wifi hamjambo, na kwamba mgongo wako umepata nafuu tangu wakubadilishie kiti kule ofisini. Watoto nao waambie shangazi yao anawakumbuka. Huku kwetu afya zipo. Presha ya Mama imeshuka kidogo, ila macho yanazidi kufifia. Jicho la kushoto sasa linamwonyesha mwanga na kivuli, basi; la kulia bado linaona kidogo. Mimi bado napiga chapa pale mahakamani. Vidole vinauma lakini vinafanya kazi.

Hapo salamu zimeisha. Sasa nisikilize, na barua hii usiikate katikati kama ulivyonikatia simu.

Wiki tatu zilizopita nilimpeleka Mama kliniki ya macho. Tulikaa kwenye benchi la chuma. Namba yetu ilikuwa arobaini na moja na walikuwa ndio kwanza wamefika kumi na tisa. Juu ya mlango wa daktari kuna televisheni, na watu wanaitazama kwa kukosa pengine pa kutazama. Mama alikuwa amesinzia begani kwangu. Mara akashtuka, akasimama, akanishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo, akasema kwa sauti ya kusikika hadi dirisha la dawa, “Baba yenu yumo humu ndani.”

Kaka, Baba ana miaka mitatu kaburini. Nikadhani Mama amechanganyikiwa, na watu wakaanza kututazama kwa ile huruma ya kukereketa. Kisha nami nikaisikia sauti yake. “Nchi haikuulizi kama umeogopa. Nchi inakuuliza uko wapi!” Nikainua macho. Alikuwa yeye, kijana wa miaka thelathini na tano, picha wameisafisha na kuitia rangi, magwanda yamenyooka, bunduki kifuani. Baada yake wakaonyesha foleni ya vijana wakiandikisha majina. Na chini, kwa herufi ndogo: Kwa ridhaa ya familia.

Familia ipi? Mke wake alikuwa amesimama pale na kadi ya kliniki mkononi akimtafuta kwa macho yasiyoona vizuri. Binti yake alikuwa pale. Nilimkalisha Mama, nikamdanganya kwamba ni filamu ya zamani wanairudia. Akaniambia nisimfanye mjinga. Hakuna filamu inayomalizika kwa kutaja ofisi za kujiandikisha jeshini.

Kesho yake niliomba ruhusa kazini nikaenda kwa hao waliotengeneza tangazo. Katibu wao ni dada mmoja mpole, akanikaribisha maji, akaenda kabatini akaja na faili. Akanionyesha karatasi bila hata kuniuliza mimi ni nani. Sahihi ilikuwa yako. Ile yenye mkia mrefu, uliyoiga kwa Baba ulipokuwa darasa la saba, ukajaza nayo daftari zima.

Nikakupigia. Nakumbuka kila ulilosema, maana kazi yangu ni kuandika wanayosema watu. Ulisema ni picha tu. Ulisema vita vya mpakani vimerudi na kila mtu atoe alichonacho. Ulisema Baba alikuwa mwigizaji na kuigiza ndiyo kazi aliyoichagua mwenyewe. Halafu ukasema, kwa utulivu kama mtu anayemsomea mteja masharti ya bima, kwamba angalau mara hii mzee ataitumikia nchi. Nilipokuuliza umesema nini, ukakata.

Angalau mara hii! Kaka, una mdomo wewe.

Ulikuwa na miaka kumi na minne, mimi kumi. Usiniambie umesahau. Baba alikuwa ameshacheza filamu saba, tano akiwa askari, na mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Kamanda kwa muuza mkaa, Kamanda kwa mwalimu mkuu, Kamanda kwa kinyozi aliyemkata nywele bure ili atundike picha yake ukutani. Na huyo Kamanda nyumbani alikuwa hawezi kuona kuku akichinjwa. Mama akishika kisu, mwenzake anaingia chumbani na kufungulia redio mpaka mwisho. Tulikuwa tunacheka mpaka mbavu zinauma. Wewe ndiye uliyekuwa ukimgongea mlango na kumwambia, “Kamanda, adui amekufa, unaweza kutoka.” Naye anatoka anatupigia saluti.

Vita vilipoanza, walikuja watu wa habari wa serikali kwa gari jeusi. Hawakumtaka akapigane. Walimtaka avae magwanda yake ya filamu, ashike bunduki ya kweli, azunguke miji kumi akiwahimiza vijana wajiandikishe. Kazi ya wiki sita, kisha arudi kwenye filamu zake, nyumba yake na jina lake. Akakataa. Ndipo akaletewa wito wa kwenda jeshini kama raia mwingine yeyote, na huo nao akaukataa. Unaona ulichokifanya? Walichomwomba akiwa hai akawanyima, wewe umewapa akiwa maiti, asiye na mdomo wa kukataa.

Najua tulivyoteseka, usidhani nimejipa upofu. Walimfunga miezi minne. Mlangoni kwetu waliandika MWOGA kwa lami, na Mama akakwangua kwa kisu hadi mbao zikaumia lakini herufi zikabaki. Mama alikuwa mshonaji wa mavazi ya filamu; wakamfukuza, akarudi kushona sare za shule sebuleni, tukalala juu ya vipande vya vitambaa. Filamu za Baba ziliondolewa kwenye majumba ya sinema. Kinyozi aligeuza picha ikatazama ukuta. Wewe ulipigana kila siku uliyotoka shule, ukavunjwa jino la mbele, na siku hiyo ulikuja nyumbani na jino mkononi hukulia. Mimi ndiye niliyelia. Baba alipotoka kifungoni hakukaa hata wiki. Aliomba mwenyewe apelekwe hospitali ya mahema kule mstari wa mbele, bila silaha, akabebe machela. Alikaa huko miaka miwili na ushei. Aliporudi sikio la kulia halisikii na mikono inatetemeka, na siku ya kwanza mezani ukamwambia kwamba angekufia huko ingekuwa nafuu kwetu. Alinawa, akala. Sikulaumu kwa hilo. Ulikuwa mtoto. Lakini sasa una miaka hamsini na nane, una mvi, na bado unazungumza kwa mdomo wa yule mtoto.

Siku ile tuliyotoka kliniki, Mama alinikalisha kitandani kwake akaniambia jambo ambalo Baba alimkataza kutuambia. Nakuandikia kama alivyolisema.

Katika filamu yake ya nne kulikuwa na sehemu ya kushambulia daraja. Walichukuliwa vijana wa mitaani wa kujazia umati, wanapewa magwanda na chakula cha mchana. Baba alitakiwa ampige mmoja wao risasi akiwa karibu. Risasi zile hazina kichwa, lakini baruti yake ni baruti kweli, na siku hiyo kijana alisogea kuliko alivyopangiwa. Akaanguka. Mwongozaji akafurahi, akapiga makofi, akasema huyu ndiye mtu wa kwanza leo anayejua kufa. Watu wote wakapiga makofi. Baba akaenda kumpa mkono amwinue, kama alivyokuwa akiwainua wote, na mkono haukushika. Alikaa naye pale chini hadi gari lilipokuja. Mwongozaji alizungumza na wazazi wa kijana, ikaandikwa kuwa ni ajali, na sehemu ile wakaibakiza kwenye filamu kwa sababu ilitoka vizuri.

Mama alikuwepo siku Baba alipofikishwa mbele ya kamati ya watu watano. Wa katikati alimuuliza kwa kebehi inakuwaje mtu aliyeua kwenye sinema miaka kumi aogope damu. Baba akamjibu kwamba ni kweli ameua watu kwa mamia, na jioni alikula nao sahani moja. Mmoja tu ndiye hakuamka, na huyo mmoja amemtosha. Wakamuuliza, adui akija kumuua mkewe? Akasema atasimama mbele ya mkewe. Wakacheka. Mama anasema yeye hakucheka, maana alimjua mumewe: angesimama.

Na hujasikia bado. Jumapili iliyofuata, mama mmoja mzee alibisha hodi, anatembea kwa fimbo, amekuja kwa mabasi mawili. Alikuwa muuguzi katika mahema yale. Ameona tangazo, hakulala siku mbili, akaulizia hadi akafika. Hata hakukaa vizuri. Aliniuliza moja kwa moja ni nani kati yetu amefanya uchafu huu, nami nikainamisha kichwa.

Alituambia kwamba Baba hakuwa fundi wa kazi ile. Wiki ya kwanza alizirai mara tatu, na daktari wa upasuaji akampachika jina la Bibi Harusi. Lakini kila akizinduka alirudi. Akajifunza kufunga bendeji, kushika mguu unaokatwa, kuchemsha vyombo. Alikwenda kuokota majeruhi wa pande zote mbili, na kwa ajili hiyo alipigwa ngumi na askari wetu wenyewe. Siku ya bomu lililomchukua sikio alikuwa amelala juu ya majeruhi wawili, mmoja wetu na mmoja wao.

Na sauti ile, kaka. Wale vijana walikuwa wamemwona kwenye sinema tangu wakiwa wadogo. Wakiletwa wamefumuka matumbo, dawa ya usingizi imekwisha, walimtambua. Wanamwita Kamanda. Wanamwomba awape amri. Muuguzi anasema mwanzoni Baba alikuwa anatoka nje ya hema na kutapika, kwa sababu aliapa sauti ile haitatoka tena kinywani mwake. Halafu akaanza kuwapa. Aliinama, akamshika kijana kichwa, akamwambia kwa sauti ya filamu, “Askari, zamu yako imekwisha. Nimekuruhusu.” Nao wanatulia. Wanakufa kwa adabu, alisema yule mama, kama watoto waliolazwa. Alihesabu mpaka akaacha kuhesabu. Mama alisikiliza yote hayo bila kutikisika, kisha akauliza kama mumewe alikuwa akila. Muuguzi akasema alikuwa hali mpaka alazimishwe. Mama akatikisa kichwa, akasema ndiyo, hata nyumbani alikuwa hivyo miaka mingi, na yeye Mama alikuwa akidhani ni mapishi yake hayampendezi.

Sauti hiyo ndiyo umeitia sahihi. Alikuwa akiwaruhusu nayo vijana wapumzike. Wewe umewapa watu waitumie kuwaita.

Nimeandika hadi hapa nimesimama mara mbili kunywa maji. Nilitaka nimalizie hapa, niitie gundi bahasha, nikuache na hasira yangu ikukae tumboni. Ingekuwa rahisi. Lakini kuna jambo sijakwambia, na nikikuficha nitakuwa nimefanana na hao niwatukanao.

Mwanangu amejiandikisha. Mpwa wako, yule uliyemnunulia viatu vya mpira alipofaulu. Siku tatu baada ya ile ya kliniki aliniambia anakwenda kutafuta kazi kwenye kiwanda cha sabuni, akarudi na karatasi ya jeshi. Ameona bango kituoni, lina uso wa babu yake. Akaniambia, huku anang’aa, kwamba sasa anajua la kufanya na maisha yake; kwamba damu haipotei.

Nikapiga kelele. Nikamwambia babu yake hakuwahi kuwa askari. Akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. Akasema, “Mama, si ni wewe uliyeniambia?”

Kaka, ni mimi.

Alikuwa na miaka tisa. Mwalimu aliwapa insha, mtu wa familia yangu ninayejivunia. Alikaa mezani na penseli, akaniuliza babu alifanya nini vitani. Baba alikuwa pale pale, kwenye kiti chake karibu na dirisha, anamenya chungwa kwa ile mikono yake ya kutetemeka. Nami nikaikumbuka lami mlangoni. Nikalikumbuka jino lako. Nikamwona mwanangu anapigwa njiani kama ulivyopigwa wewe. Nikasema, andika kwamba babu yako aliongoza kikosi. Andika alipata jeraha la sikio akipigana. Nilisema hivyo mbele yake, kwa sauti kubwa, kwa kuwa nilijifariji kuwa hasikii vizuri.

Alisikia. Aligeuza kichwa, sikio lile zima likawa upande wetu. Nilingoja anisute. Mtoto akamwuliza kama ni kweli. Baba akanitazama mimi, si mtoto, muda ambao mpaka leo haujaisha. Kisha akaweka chungwa chini, akasimama wima, akampigia mjukuu wake saluti. Mtoto akarukaruka. Insha ikapata alama ishirini kwa ishirini, nikaibandika mlangoni pa kabati kwa mikono yangu. Baba alikaa nayo machoni miaka tisa mpaka alipofariki, na hakuwahi kuniambia neno.

Mimi ambaye kila siku napiga chapa maneno ya watu walioapa kusema kweli. Wewe umeiuza sura ya Baba kwa wageni. Mimi nilimnyima historia yake ndani ya nyumba yake, akiwa hai, akisikia. Sijui nani kati yetu amezidi. Nilikuwa na haraka ya kukuchukia wewe ili nisije nikafika kwenye kile kiti cha dirishani.

Jumamosi iliyopita ilikuwa siku ya wageni kwenye kambi ya mafunzo. Nilikwenda. Wanawaleta makuruta kwenye uwanja wenye mabenchi, mnakaa mkitazamana na askari amesimama karibu. Wamemnyoa, masikio yamekuwa makubwa. Nilimwambia yote: daraja, kamati, mahema, lami, insha. Sikumpamba Baba wala sikujipamba mimi. Alisikiliza akiangalia buti zake. Nilipomaliza aliniuliza swali moja tu, kama babu alijua siku ile kwamba namdanganya. Nikamwambia alijua. Akauliza kwa nini basi alipiga saluti. Nikamwambia nadhani alikuwa ananisitiri mimi. Kengele ikapigwa, akavaa kofia, akaondoka hatua kama kumi, akarudi. Akasema hawezi kutoka, ameshaapa, na hata angeweza hajui kama angetaka, ila angependa kumsikia mjomba wake naye anasema nini, maana mjomba hakuwahi kumtaja babu hata siku moja. Kisha akaenda.

Wanahamishwa mpakani tarehe kumi na mbili ya mwezi ujao. Siku ya wageni imebaki moja, Jumamosi ya kwanza ya mwezi huo. Wewe ndiye mjomba wake. Nataka uje ukae kwenye lile benchi umwambie kuhusu jino lako, na ulichomwambia Baba mezani, na karatasi uliyoitia sahihi. Sijui itabadilisha nini. Huenda isibadilishe kitu. Lakini asiende kule akiwa amebeba uongo wangu na wako juu ya mzigo wa serikali. Na kabla ya hapo nenda kwa wale watu ufute ridhaa yako. Nimemuuliza mwanasheria mmoja pale kazini, anasema warithi tulikuwa watatu, sahihi moja haitoshi. Ukikataa, mimi na Mama tutawashitaki wao pamoja na wewe, na maelezo yako nitayapiga chapa mwenyewe.

Basi, msalimie wifi, mwambie nilipokea kitenge, ahsante. Watoto wabusu kwa niaba yangu. Afya yako itunze, mgongo usiuchezee, na ukija chukua basi la asubuhi maana la mchana linaharibika njiani.

Mama naye anakusalimu. Kila siku akiamka ananiuliza ni nani aliyewapa watu wale sauti ya mumewe. Sijamjibu. Nimemwambia aliyefanya hivyo anakuja kumweleza mwenyewe, naye ameniagiza nimtayarishie kiti mbele yake, karibu, upande wa jicho linaloona.

Ni mimi,
Dada yako